Gari la Kumrudisha Kalondu

Nilikuwa na pini mdomoni, nikipinda ukingo wa sketi ya shule, Kalondu aliposema kwamba mwanawe Musyimi amemkatia tiketi ya Kanada. Nusura nizimeze zote.

"Ni miezi michache tu," alisema. "Nimsaidie na mtoto, halafu nirudi."

Miezi michache! Hao wa miezi michache nawajua mimi. Jirani yetu mmoja hapa Kwa Vonza alienda Amerika kuogesha mjukuu. Mjukuu sasa ananyoa ndevu, na nyanya yake bado yuko huko, anatutumia picha amevaa koti nene kama godoro. Nilitema pini kwenye kiganja, nikamwambia Kalondu Mungu ni mwema, na moyoni nikakasirika siku nzima.

Sisi ni watatu tangu shule ya Jumapili. Mimi, Katunge, nashona sare za shule. Mutanu alikuwa muuguzi, akastaafu, lakini bado anakuangalia macho kabla ya kukusalimia. Kalondu anauza chai na chapati kando ya barabara, na kicheko chake husikika hadi kanisani. Tuna chama chetu cha kuchanga pesa. Kila mmoja ameshanunuliwa tangi la maji, sufuria kubwa na viti vya plastiki. Safari hii tulikuwa tumekubaliana kununua hema la kukodisha harusini. Basi kwenye mkutano uliofuata nikasimama, nikapinga hema.

"Tununue gari," nilisema. "Fowili. Lile ambalo magurudumu yote manne yanavuta."

"Ya nini?" Mutanu akauliza, ananiangalia macho.

"Ya kutembea! Tumezeeka tukiona Kenya kwa kalenda. Kalondu amezaliwa Nuu na hata yeye hajawahi kufika juu ya ule mlima wa kwao, kwa sababu hakuna gari ndogo inaweza. Twende kabla hajaenda."

Kalondu alipiga makofi kama mtoto. Mutanu akakubali shingo upande. Hayo ya kutembea yalikuwa kweli, lakini hayakuwa yote, na nayasema hapa wazi: mimi nilitaka Kalondu arudi. Hakuna mtu anayetoka Kanada kwa sababu ya viti vya plastiki. Lakini gari ambalo theluthi yake ni yako, linalokungoja chini ya mti nyumbani, hilo linaweza kumvuta mtu. Kwa hiyo ilikuwa lazima liwe gari zima, la kutegemewa. Gari bovu lingemfukuza hata kabla ya tiketi.

Mume wangu Muindi alicheka mpaka akakohoa. "Wamama watatu na fowili. Mnaenda vita?"

"Tukienda tutakuachia uji," nilimjibu.

Gari la kwanza lilikuwa Wote, kule Makueni, kwa bwana mmoja aitwaye Mbuvi. Kwenye simu lilikuwa jeupe linang'aa. Mbuvi alituambia tufike saa nne. Mutanu akasema hapana, mgonjwa aonekane kabla hajanywa chai. Injini ikiwa baridi haiwezi kudanganya. Ikishapashwa moto hata iliyokufa inaongea. Tukafika asubuhi na mapema, tukamkuta Mbuvi anafuta vioo. Mutanu hakumsalimia. Aliweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho.

"Ni moto," akasema. "Huyu amepewa dawa kabla ya daktari."

"Nilikuwa nimetoka kununua maziwa nayo," Mbuvi akajitetea.

Mimi nikazunguka. Kushona kumenipa ugonjwa wa kuona viraka. Rangi ya chini ya mlango haikuwa ndugu ya rangi ya juu. Nikafungua leso kiunoni, nikaitandika chini, nikalala chali, nikaingia uvunguni na mkasi wangu wa kazi. Chuma kirefu kinachobeba gari zima kilikuwa kimepakwa rangi nyeusi mpya, kinapendeza. Nikakidunga na ncha ya mkasi. Mkasi ukaingia.

"Hiyo ni vumbi tu, mama," Mbuvi akasema, ameinama ananichungulia.

"Vumbi inameza mkasi?"

Akarudi kufuta vioo. Kalondu tulimkuta kiti cha nyuma, amelala fofofo, mdomo wazi. Tulipomwamsha akasema kiti ni kizuri sana. Nikamwambia anunue kiti.

Baada ya hapo tuliona magari mpaka nikaanza kuyaota. Moja lilitoa moshi wa buluu, Mutanu akaliambia pole. Jingine lilikuwa limeng'olewa kile chuma kinachopeleka nguvu magurudumu ya mbele. Ufowili wake ulibaki kwenye kibandiko cha nyuma. Mwenye jingine alitukataza kulala chini ya gari, eti tutachafuka. Tulichafuka kwa hasira! Kalondu alicheka kila tulipoambulia patupu, na mimi kila akicheka nilizidi kuogopa, kwa maana alikuwa ameshanunua sanduku lenye magurudumu, jekundu, na lilisimama mlangoni pake kama mgeni anayengoja kusindikizwa.

Mutanu ndiye aliyesikia habari za Abdijabar. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo Mwingi, anapakia mbuzi kutoka upande wa Garissa, na sasa alikuwa amenunua lori. Land Cruiser yake ya zamani alikuwa anaiuza. Tulipoingia uani kwake tuliinusa kabla hatujaiona. Ilikuwa na rangi ya vumbi, na kama chini ya vumbi kulikuwa na rangi nyingine, hakuna aliyeikumbuka.

Mutanu akaweka kiganja juu ya boneti. Akafungua jicho moja. "Baridi."

"Sijaiwasha tangu jana, mama," Abdijabar akasema. "Niliambiwa kuna wamama watatu wanapima magari homa."

Alikuwa kijana mrefu mwenye kofia nyeupe ya kufumwa. Alinipenda tangu hapo, au mimi nilimpenda, sijui. Aliwasha. Gari likakohoa moshi mweusi kidogo, likasafisha koo, likatulia. Nikaingia uvunguni na mkasi. Nilidunga kila mahali. Mkasi ndio uliopinda. Na mambo mabaya alitutajia mwenyewe bila kuulizwa: kioo cha mlango wa kushoto hakipandi, harufu ya mbuzi haitoki hata kwa sabuni ya mche, na ufunguo ni mmoja tu.

"Wa pili ulienda wapi?" nikauliza.

"Ulimezwa na mbuzi."

"Na mbuzi?"

"Niliuza Nairobi. Nilikumbuka ufunguo wakati wameshaila."

Kalondu alijishika kiuno, akacheka mpaka akakaa juu ya tairi. Alipopata pumzi aliuchukua ule ufunguo, akaufunga pembeni mwa leso yake fundo mbili. "Huu nitaweka mimi," akasema. "Katunge anapoteza hata sindano akiwa ameishika." Ni kweli, sikubishana.

"Nunueni mkishaiona kwa mchanga," Abdijabar akasema. "Si hapa uani. Hapa uani hata mkokoteni ni fowili."

Tukaondoka wote wanne kuelekea Nuu, mimi nikiendesha. Leseni yangu ilikuwa mpya, na nilivimba kichwa. Barabara ya murram, ile ya changarawe nyekundu, iliisha, njia ya ng'ombe ikaanza, na lile gari likazidi kufurahi. Kalondu alikuwa nyuma na Abdijabar, anamwonyesha kila kichaka alichochungia mbuzi akiwa msichana mdogo, kabla hawajahamia Kwa Vonza. Hatimaye tukafika kwenye mto wa mchanga. Ulikuwa mkavu kabisa, mweupe, mpana. Ng'ambo yake mlima wa Nuu ulikuwa umesimama, wa buluu.

"Sasa mama, kabla hujaingia mchanga," Abdijabar akaanza, "kwanza lazima—" Simu yake ikalia. Ilikuwa habari ya mbuzi, na habari ya mbuzi kwa Abdijabar haina kungoja. Akashuka, akaenda kando akiongea Kisomali kwa sauti ya juu.

Mimi si mtu wa kungoja simu za watu. Nikavuta ile gia fupi ya fowili, nikaingia mtoni.

Tulifika katikati. Hapo gari likaanza kuzama nyuma. Nikakanyaga mafuta, nikaachia, nikakanyaga, nikaachia, haraka haraka. Kadiri nilivyokanyaga ndivyo tulivyoshuka. Nikazima.

"Tumekwama," Mutanu akasema, kama anayesoma matokeo ya maabara.

"Tuchimbe," nikasema.

Na hapa ndipo tulipofanya kitu ambacho sidhani mwanamke wa mahali pengine angekifanya. Kalondu alitoa sufuria yake ya chai na vikombe. Tukapiga magoti nyuma ya gurudumu na kuanza kuchimba. Sasa, sisi sote watatu tumekua tukichimba mchanga wa mito, kila kiangazi, toka tukiwa na meno ya maziwa. Mikono haikutuuliza tunachimbia nini. Mmoja anachota, wa pili anatupa nyuma, wa tatu anaimba. Juu unapanua shimo ili kingo zisianguke, chini unalifuata mpaka mchanga ubadilike rangi. Tulipaswa kutengeneza njia ya gurudumu kutokea. Tulitengeneza shimo zuri la mviringo, na kadiri lilivyokuwa zuri ndivyo tulivyoongeza bidii.

Mchanga ukawa wa kahawia. Ukawa baridi. Kalondu akaacha kuimba.

"Maji!" akapiga kelele.

Nikapiga kigelegele. Mutanu, ambaye sijamsikia akipiga kigelegele tangu harusi yangu, naye akapiga. Maji yakajikusanya chini, kwanza machafu, halafu tukayachota na kuyamwaga mpaka yakaanza kuja safi. Kalondu alinawa uso, akanywa kwa kiganja, akanirushia mimi mgongoni. Nikamrushia. Tulikuwa tumeloa hadi viunoni, vichwa vyetu vyenye mvi vimejaa mchanga, tunapiga kelele kama wasichana waliotoroka kazi, na hakuna kati yetu aliyekumbuka gari. Gari lilikuwa linaingia kisimani taratibu.

"Wamama!" Abdijabar alikuwa amesimama juu yetu, simu bado mkononi. "Mnachimbua gari ama mnachimba kisima?"

Tukatazama gurudumu. Lilikuwa limekaa ndani ya maji kama mtu anayejipumzisha miguu. Abdijabar aliangalia gurudumu, akatuangalia sisi, akajaribu kuwa na adabu. Adabu ikamshinda. Alicheka mpaka kofia ikaanguka, akakaa kwenye mchanga, akasema, "Wallahi, wallahi," basi.

Alipoweza kuongea aliuliza, "Na zile kofia za magurudumu ya mbele mlifunga?"

"Kofia gani?" nikauliza.

Akanionyesha. Katikati ya kila gurudumu la mbele kuna kitu cha kuzungusha kwa mkono. Usipokizungusha, ile gia fupi ni pambo tu, magurudumu ya mbele yanajitembelea bure. Ndilo jambo alilotaka kuniambia simu ilipolia. Nilinyamaza kwa heshima, jambo ambalo Mutanu analisimulia mpaka leo.

Tulipotaka kuanza kazi, akatokea mwanamke mmoja na punda wake wawili wenye mitungi mitupu. Akasimama, akaangalia gari, akaangalia kisima.

"Aiya! Nyinyi ni wa kanisa gani, mnachimbia watu maji na gari?"

Kalondu akamweleza. Yule mwanamke hakujali maelezo. Akashusha mitungi, akapiga magoti. "Nijaze kwanza," akasema. "Gari inaweza ngoja. Punda haiwezi." Tukamsaidia kujaza mitungi yote, Abdijabar akashika punda.

Kisha akazungusha zile kofia za mbele, akapunguza upepo kwenye matairi mpaka yakalegea kama unga wa chapati uliolala. Tukapanga mawe mbele ya gurudumu. Nikapanda. Akasimama dirishani.

"Mama, nimekuona ukikanyaga. Unakanyaga kama unashona cherehani. Hii kanyaga mara moja, polepole, na usiachie."

Nilikanyaga mara moja, polepole, nikakataza mguu wangu kushona. Gari likanguruma chini chini. Likainuka kama ng'ombe, nyuma kwanza, halafu mbele, likatoka kisimani likidondosha maji, likavuka ule mchanga wote hadi ng'ambo bila haraka. Nilisikia vigelegele vitatu nyuma yangu, kimoja cha yule mwenye punda. Nilikuwa nalia na kucheka, sijui nini kilitangulia.

Kalondu alinifikia akikimbia, leso imeshikwa juu ya magoti. "Ni hii," akasema akihema. "Katunge, gari ni hii." Akageuka kuutazama mlima, na uso ukamtulia. "Musyimi anasema huko kwake hakuna vumbi hata kidogo."

"Sasa utaishi aje?"

Akanipangusa mchanga kwenye nyusi.

Tulilinunua. Abdijabar alitupunguzia bei kwa ajili ya kisima, na tukaenda kubadilisha majina kwenye karatasi kwanza, kwa sababu kupenda mtu si sababu ya kuacha akili. Jumapili iliyofuata gari liliombewa mbele ya kanisa. Mchungaji alipoweka mkono juu ya boneti upepo ukamletea harufu ya mbuzi, akafupisha maombi. Kisha tukaanza kutembea. Tulipanda mlima wa Nuu mpaka pale mawe yalipotukataza, tukapika chai. Tulienda Kanyangi kununua pojo za kupika, tukarudi kwa njia ambayo haikuwa njia. Tulipanda vilima vya Makueni, tukapita Wote tukimpungia Mbuvi mkono. Popote tuliposhuka, Kalondu alifunga ufunguo kwenye leso, fundo mbili. Gari halikutuaibisha hata mara moja. Mimi usiku nilikuwa nahesabu siku zilizobaki, mchana nacheka.

Siku ya safari, Musyimi alikuwa amempigia binamu yake amchukue mamake kwa gari dogo. "Mama asifike uwanja wa ndege akinuka mbuzi," alisema. Tukanywa chai uani kwangu, tukaomba, tukaimba. Kalondu alizunguka lile Land Cruiser mara moja, akaligonga mlango kwa kiganja kama anayemuaga ng'ombe, akanikumbatia, akaingia kwenye gari dogo na sanduku lake jekundu. Hakulia. Mimi nililia kwa niaba yetu sote.

Siku mbili baadaye nilitaka kupeleka kwaya sokoni. Ufunguo hakuna. Nilipekua droo ya cherehani, mtungi wa unga, chakula cha kuku. Muindi alisema ameniona nao. Nilimwambia ameniona na hasira, si ufunguo. Mutanu alikuja akapekua mahali nilipokwisha kupekua. Tulikuwa bado tumeinama chini ya kabati simu ilipoingia picha: kioo cha dirisha, theluji nje, na kando ya kioo, juu ya leso ya Kalondu, ufunguo wetu.

Akapiga mara moja. "Nilisahau," akasema.

Kalondu hajawahi kusahau chumvi kwenye chapati maisha yake yote.

"Sikusahau," akasema. "Niliufunga nikijua. Niliona nikiuacha hapo mtatembea, mtazoea nikiwa sipo. Na mimi nitazoea huku." Kisha akauliza, "Nikutumie na mtu?"

Mimi ndiye niliyedhani nina akili, mimi na gari langu la kumvuta. Kumbe yeye alikuwa amejifunga mwenyewe, fundo mbili.

"Ukiutuma na mtu," nikamwambia, "nitautupa mtoni. Lete mwenyewe."

Muindi anajua fundi wa funguo Kitui mjini. Alitaja jina lake mara moja tu, nikamtazama, hajalitaja tena. Kila Jumamosi mimi na Mutanu tunaliosha gari. Milango haifungwi, kwa hiyo tukimaliza tunakaa ndani, yeye mbele na mimi kwenye usukani, kiti cha nyuma tunakiacha. Tunapanga tutakwenda wapi. Kuku wametaga humo mara moja.

Juzi Musyimi alinipigia, amechoka. "Auntie, ongea na mama. Nimemtafutia karatasi za kukaa, kila kitu iko sawa, anakataa. Sasa anaweka hiyo ufunguo kwa meza tukikula. Nimuulize nini, ananionyesha ufunguo. Si mtengeneze ingine?"

"Haiwezekani," nikamwambia. "Hii ni gari ya zamani."

"Basi mwambie..."

Nyuma yake nikamsikia Kalondu, sauti ile ile inayofika kanisani.

"Nitakaa aje huku, Musyimi, na ufunguo ya gari ya watu?"

Nilikata simu, nikamwita Muindi anisaidie kutoa betri ya gari, iliyolala muda wote huo, tuipeleke ikachajiwe.